Kibanio cha Mkono wa Kushoto

Mama mkwe wangu alikuwa na nywele za kufika kiunoni, na kwa miaka yote niliyokuwa mke wa mwanawe sikuwahi kuziona. Nilijua tu kwamba zipo. Chini ya mtandio wake, nyuma ya kisogo, palikuwa na uvimbe wa mviringo kama chungwa lililofichwa, na siku za joto kali alipapasa pale kwa kiganja halafu akaendelea na mazungumzo. Wanawake wa ukoo waliziona. Wifi yangu, binti yake wa pekee, alikuwa akizipaka mafuta na kuzifunga tangu usichana wake. Mimi nilikuwa mtu wa kukaribishwa sebuleni.

Hatukuwa na ugomvi. Wao ni watu wa Temeke wenye asili ya Kiarabu, na duka la vifaa vya ujenzi ambalo mume wangu alilirithi kwa baba yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Makete, Mkristo. Tulifunga ndoa bomani. Nilibaki na kanisa langu, naye mume wangu akabaki na msikiti wake, na hatukujaliwa mtoto ambaye angewalazimisha watu kuzoeana. Mama hakunitolea neno baya hata siku moja. Nikienda kumsalimu alinipikia kahawa, akanisogezea sahani ya kashata, akaniuliza habari za wanafunzi. Aliniita Mwalimu. "Karibu, Mwalimu." "Haya Mwalimu, wasalimie huko nyumbani." Huko nyumbani alikokuwa akiishi mwanawe.

Kisha akapatwa na kiharusi. Alianguka jikoni kwake asubuhi, na jirani aliyepita kumjulia hali ndiye aliyemkuta sakafuni. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, mengine nusu. Wifi yangu alikuwa Maskati na mumewe. Vibali vyake vya kuishi kule vilikuwa na matatizo, na aliogopa kwamba akitoka hatarudishwa kwa watoto wake. Nyumba ya Temeke haikuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo, hospitali walipotwambia tumchukue, njia ilikuwa moja tu, kuja kwetu Madale.

Siku ya kumtoa, nesi aliyekuwa akimvalisha aliinua kile kitambaa cha kichwani akatikisa kichwa. "Hizi mngezipunguza," alisema. "Mgonjwa wa kulala na nywele zote hizi? Mtateseka nazo."

Mume wangu akanigeukia. "Tumkate tu, mke wangu. Wewe una kazi yako. Utaziweza?"

Alisema kwa sauti ya chini, lakini pale pale kando ya kitanda, kama vile kiharusi kilikuwa kimeziba na masikio. Mama alisikia. Mkono wake wa kushoto uliinuka polepole ukakamata pindo la kitambaa, ukalivuta mpaka kwenye paji la uso, na haukuachia mpaka nesi alipotoka.

"Acha," nikamwambia mume wangu. "Nitajifunza."

Sijui kwa nini nilijitwika jambo hilo. Mimi na nywele hatukuwahi kuwa na habari za maana. Kule Makete bibi yangu alitunyoa kwa wembe, wasichana kwa wavulana, tukakaa tumejikunyata kwenye baridi huku vichwa vinaungua. Shule niliyosoma tulinyolewa, na shule ninayofundisha wananyolewa. Nilipopata mshahara nikaanza kusuka rasta kama wenzangu, lakini huko unakaa kwenye kiti, msusi anafanya kazi yake, unaondoka. Hadi siku ile sikuwahi kushika nywele ndefu zilizo huru, achilia mbali kuzikusanya na kuzifunga zikakaa.

Asubuhi ya kwanza nilimketisha kwenye kiti chenye mikono, nikamwekea mito pande zote ili asiegemee kulia. Nikafungua kitambaa. Zilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, nyeupe mizizini, na kuelekea chini zikabadilika kuwa na wekundu wa hina ya zamani. Zilinuka mafuta ya nazi na dawa za hospitali. Pale kisogoni, alipolalia siku zote zile, zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja kama mkeka uliochakaa. Nikachukua chanuo nikaanzia juu, kwenye ngozi, nikavuta. Mama akatoa sauti. Nikasema, "Pole, Mama." Nikavuta tena.

Baadaye nilijifunza kwamba mtu anaanzia nchani. Unashika nywele juu ya fundo kwa mkono mmoja ili mvuto usifike kichwani, unachanua sehemu ya chini yenye urefu wa kidole kimoja, ukimaliza unapanda. Asubuhi ile sikujua. Nilichanua mpaka nikachoka, nikazikusanya nyuma, na kwa kuwa saa ya kwenda shule ilikuwa imenikimbia, nikazifunga kwa raba bendi niliyoitoa kwenye mfuko wa unga.

Niliporudi jioni kuifungua, raba ilikuwa imezimeza nywele. Nilijaribu kuiteremsha, ikaja na kishungi kizima. Mama hakulia kwa sauti safari hii. Aliangalia ukutani, na chozi la jicho la kulia likateremka bila yeye kulifuta, kwa sababu nadhani hakulihisi.

Wifi akapiga simu ya video jioni ile ile. "Mgeuze nimwone kisogo. Umemfunga na nini?"

"Raba."

"Raba zipi, wifi?" Nikamwonyesha. Akashika mdomo. "Hizo si za kufungia mifuko? Subhanallah. Mama ana chupio lake. Mwambie kaka akalitafute kule nyumbani, liko kwenye droo ya kitanda."

Mume wangu alilileta. Lilikuwa pini ndefu ya shaba yenye miguu miwili, imelainika kwa kushikwa. Wifi akanielekeza kwenye simu: zungusha nywele mpaka zijiviringe zenyewe, chomeka kwa juu, geuza, sukuma kuelekea chini. Nilifanya vile. Likakaa kwa muda wa kupumua mara chache, kisha fundo likafunguka, nywele zikamwagika, chupio likaanguka sakafuni. Nikarudia. Likaanguka. Wifi alisema ni rahisi, na kwake ilikuwa rahisi, maana mikono yake ilifundishwa ingali midogo.

Mama akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikampa chupio. Akalipeleka nyuma ya kichwa na kuanza kutafuta kwa vidole, lakini kazi ile inataka mikono miwili, na uliobaki haukuwa ule uliojua. Akachoma hewa, akachoma shingo yake, akaliangusha mapajani. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, sijui kama nisaidie au nisisaidie. Mwisho alilisukumia chini ya mto na kufumba macho.

Jumamosi nilikwenda Mbezi Luis, kwenye maduka ya vipodozi yaliyo nje ya stendi ya mabasi ya mikoani. Nilichagua lile lililokuwa na vibanio vingi vilivyoning'inizwa ukutani. Muuzaji alikuwa msichana wa kucha ndefu, na juu ya meza yake palikuwa na kichwa cha plastiki kilichovishwa wigi.

"Karibu dada. Za kwako?"

"Za mama mkwe. Ndefu, mpaka hapa." Nikaonyesha kiuno.

"Za kwake mwenyewe?" Akacheka. "Haya, mama ana zali. Sasa mie nakwambia, chukua hiki." Akabana wigi kwa kibanio kikubwa chenye meno marefu, kile kinachofunguka kama mdomo wa mamba. Kilishika vizuri sana. "Kimoja tu, kimemaliza. Na hiki cha ndizi, wengi wanakipenda. Na pini hizi nyeusi za kuzuia vinywele vya pembeni."

"Ni vya mtu asiyejua kufunga?"

"Dada, hata mtoto anafunga."

Nilinunua vyote. Siyo kwamba alinidanganya. Nywele za wigi lake zilikuwa nzito na kavu, na kichwa chake cha plastiki hakikuhitaji kulala. Kwenye nywele za Mama, nyembamba na zenye mafuta, kile kikubwa kilikuwa kama mkono wa mtu mzima ulioshika uzi. Meno yalipishana bila kukamata kitu, kikateleza taratibu mpaka kikaning'inia shingoni. Kile cha ndizi, kirefu chenye kupinda, kilishika vizuri alipoketi wima, lakini alipoegemea kiti kikamchoma uti wa shingo. Pini nyeusi zilikuwa mbaya kuliko vyote. Zile chembe za plastiki mwishoni mwake zilibanduka, chuma kikabaki wazi, na nikagundua mchubuko nyuma ya sikio la kulia, upande ambao yeye mwenyewe hakuhisi. Niliona damu kwenye chanuo kwanza. Nilizitupa pini zote chooni, kisha nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kufikiri kwamba pengine yule nesi alikuwa anasema kweli.

Nilichokuja kukipatia kilikuwa kidogo sana. Nilinunua raba zilizovikwa kitambaa laini, zile pana zisizo na kipande cha chuma, na hizo hazikung'oa kitu. Halafu mwalimu mwenzangu akanishauri nisipambane na nywele zikiwa huru. Nizisuke kwanza msuko mmoja wa kulegea, wa nyuzi tatu, niufunge nchani kwa raba ya kitambaa, kisha niuzungushe huo msuko. Nywele zilizosukwa hushikana zenyewe, kwa hiyo kibanio hakifanyi kazi peke yake. Hilo hata mimi niliweza. Ila nilihitaji kibanio cha kufaa, na Mama alikuwa bado ananinyooshea ule mkono wa kushoto kila asubuhi, nami kila asubuhi sikuwa na cha kuuwekea.

Kwenye kliniki ya mazoezi walikuwa wametwambia mkono huo upewe kazi. Siku moja tukirudi kutoka huko, tulipofika Tabata, nilimwomba mume wangu asimame mbele ya duka la urembo lililokuwa kando ya barabara. Mama hakuweza kushuka. Nikamweleza mwenye duka, mwanamke wa makamo, na akakubali kuleta boksi zima la vibanio hadi mlangoni mwa gari. Akaliweka kwenye mapaja ya Mama.

"Shikamoo mama. Chagua mwenyewe."

Mama aliangalia boksi. Kisha mkono ukaingia. Alitoa kimoja chenye mawe ya kung'aa, nilichokuwa nimekwisha kukipenda kwa macho, akakibonyeza. Hakikufunguka, springi ilikuwa ngumu kwa vidole vyake. Akakirudisha. Akatoa kingine, akabonyeza, kikafunguka kidogo, mkono ukatetemeka, akakirudisha. Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi. Mume wangu akasema, "Mama, chukua chochote, tutabadilisha," naye akaingiza mkono tena. Nikamwonyesha tena kile cha mawe, nikamwambia kinapendeza.

"Si... harusi," akasema.

Mwenye duka alicheka, na mimi nikacheka, na kona ya kushoto ya mdomo wa Mama ikapanda. Akaendelea mpaka akakipata. Kilikuwa cha rangi ya kahawa, cha ukubwa wa kati, meno machache yaliyoachana, kimepauka kama kilichosahaulika dukani. Springi yake ilikuwa laini. Alikifungua na kukifunga mara kadhaa kwa ule mkono, tak, tak, akakishikilia ngumini mpaka tukafika Madale.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu. Namchanua kuanzia nchani, nasuka msuko wa kulegea, nauzungusha juu kidogo ya kisogo ambapo akiegemea hautamuumiza, naushikilia kwa kiganja. "Tayari, Mama." Yeye analeta kibanio kutoka juu ya bega, anapapasa mpaka anagusa vidole vyangu, anafungua, nami natoa mkono anapofunga. Mwanzoni alinibana mimi. Alibana hewa. Siku nyingine alichoka kabla ya kufika akashusha mkono, nikamalizia mwenyewe kimyakimya. Lakini zilikuwepo asubuhi ambazo kilishika barabara, naye akatikisa kichwa huku na huku kukijaribu, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha nilimvisha mtandio, nikachukua mkoba wangu, nikaenda kazini. Dada wa kazi alishinda naye mchana, akamlisha na kumgeuza, lakini kichwa hakuruhusiwa kukigusa. Akijaribu, Mama aliusukuma mkono wake.

Sitasema kwamba tulikuwa marafiki. Alizungumza kidogo, na alipozungumza ilikuwa juu ya chai, jua, dirisha. Siku moja tu, nilipoinama mbele yake kumrekebishia kanga, alishika rasta zangu akazipima uzito.

"Nzito?"

"Nzito, Mama. Zikiwa mpya kichwa kinauma mpaka usingizi hauji."

Akafikiri. "Kwa... nini?"

Nikamwambia ndiyo mtindo. Akaziachia, akaangalia dirishani, kwenye vile vilima vya Madale ambavyo hakuvipenda. Kule Temeke alikuwa akisikia adhana ya msikiti wake na sauti za majirani aliowajua kwa kikohozi. Kwetu alisikia mbwa wa watu na mashine za matofali.

Kiharusi cha pili kilikuja polepole. Asubuhi moja nilisema "Tayari, Mama," mkono ukainuka hadi kifuani, ukabaki hapo, ukashuka. Nilidhani amechoka. Siku zilizofuata haukuinuka kabisa. Kumeza kukawa shida, kukaa kwenye kiti kukawa hakuwezekani. Daktari alitupa maelezo marefu ambayo mwisho wake ulikuwa kwamba tumtunze.

Mtu aliyelala hawezi kuvaa kibanio, hata kiwe laini namna gani. Nikarudi kwenye raba ya kitambaa, nikauweka msuko utosini kabisa ili usigusane na mto. Lakini joto lilikuwa limeanza, lile la kabla ya mvua, na feni ilizunguka ikisukuma hewa ya moto. Jasho lilijikusanya kisogoni. Nilimgeuza, nilimpaka poda, nilibadilisha foronya, na bado siku moja nilipoinua kichwa chake nikakuta ngozi imefunguka. Kidonda kilikuwa kidogo kwanza. Kisha hakikuwa kidogo. Vinywele vifupi vya pale viliingia ndani yake na kukauka humo, na kila nilipokisafisha ilibidi nivitoe kimoja kimoja, naye alikuwa akihisi. Pale kisogoni alihisi kila kitu.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, dada wa kazi amepewa mapumziko na mume wangu yuko dukani. Nilikuwa nimemlaza ubavu, nasafisha. Akasema kitu. Niliinama.

"Nini, Mama?"

"Kata."

Nikafikiri anataka niache. Nikaondoa mkono. Vidole vyake viwili vya kushoto, juu ya shuka, vilifunguka na kufunga, vikafunguka na kufunga.

"Nikate nywele? Hapa kwenye kidonda tu?"

"Zote."

"Mama, hapana. Tumngoje mwanao arudi. Na wifi, tumpigie kwanza wifi, atasikitika sana."

Alikusanya pumzi. Nilimwona akiikusanya. "Ni zangu," akasema, na maneno yote mawili yalitoka mazima, kama ya mtu asiyeumwa.

Nikampigia mume wangu. Palikuwa na kelele za wateja na bati zinazopakuliwa. Nikamweleza. Akasema, "Kama amesema, kata." Wifi sikumpata, simu iliita mpaka ikakatika, nikarudia, ikakatika tena.

Nilizichanua kwa mara ya mwisho na kuzisuka, nikafunga msuko kwa raba ya kitambaa juu na nyingine chini. Nikachukua mkasi wa kushonea. Nilidhani utapita mara moja, lakini nywele zilisagika kwenye makali, ikabidi nikate kidogo kidogo, na mkasi ukatoa sauti kama ya mtu anayetafuna. Mama alifumba macho muda wote. Nilipomaliza nikamlaza kichwa kwenye mto, na kikawa kidogo kama cha mmoja wa wanafunzi wangu. Nikamwekea msuko mkononi. Akausikia kwa vidole kwa muda, halafu akasema, "Zika."

Mume wangu aliuzika jioni nyuma ya nyumba, kwenye ule udongo mwekundu, akiwa bado na vumbi la saruji kwenye viatu. Mimi nilikwenda bafuni nikafungua maji ili nisisikike.

Wifi alipopiga simu baadaye, mume wangu ndiye aliyepokea. Alimwambia habari za kidonda. Za nywele hakumwambia, alisema ni bora amwambie ana kwa ana. Na Mama alikuwa na kitambaa kichwani, kwa hiyo kwenye video hapakuwa na cha kuona.

Hakumaliza mwezi. Alifariki asubuhi, mimi nikiwa darasani, na mkuu wa shule akaja kuniita mlangoni. Mume wangu akaamua azikwe kwao Temeke, na kwa kuwa wifi alikuwa amekwisha kupata ndege, mambo ya vibali ameyaacha yawe yatakavyokuwa, mazishi yakangojwa hadi adhuhuri ya kesho yake.

Kule Temeke niliandaa maji, taulo, pamba, vyote alivyovitaja mama mtu mzima aliyesimamia kuosha. Nikavibeba hadi mlangoni mwa chumba. Alivipokea, akanishika bega kwa upole.

"Wewe mwanangu pumzika hapo nje. Tutamaliza wenyewe."

Nilimwelewa. Mimi si wa dini yao, na kazi ile ina masharti yake. Wifi alipita mbele yangu akiwa bado na nguo za safari, uso umevimba kwa kulia, akanikumbatia haraka, akaingia. Mlango ukafungwa. Nikabaki kwenye ukumbi na kanga moja iliyozidi. Nilisikia maji yakimiminwa na wanawake wakisoma kwa sauti za chini. Kisha nikasikia sauti ya wifi.

"Nywele za mama ziko wapi?"

Kwa desturi yao, mwanamke anayeoshwa nywele zake husukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma. Kumbe alikuwa ameingia akiwa na hilo tu kichwani, kwamba hilo atalifanya yeye. Mlango ukafunguka. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji.

"Umemfanya nini mama?"

"Aliniambia nizikate, wifi. Alikuwa na kidonda. Aliniambia mwenyewe."

"Mama yangu? Akwambie wewe?"

Yule mama aliyesimamia kuosha akamvuta ndani, akamwambia asipaaze sauti mbele ya maiti. Mlango ukafungwa tena.

Baada ya mazishi mume wangu alikaa naye chumbani. Nilikuwa nje ya dirisha, nakusanya vikombe vya kahawa, na nilisikia.

"Mimi niliruhusu, dada. Kama ni lawama, nilaumu mimi."

"Ulimsikia mama akisema?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Nilingoja aseme kwamba ananiamini, nikiwa nimeshikilia vikombe. Nikasikia kitanda kikilia, mtu ameinuka.

Kabla ya kurudi Maskati wifi alikuja Madale kuchukua nguo za mama yake na lile chupio la shaba. Akaomba aonyeshwe pale palipozikwa msuko. Mume wangu akampeleka. Alisimama huku ameshika pua kwa pindo la mtandio, kwa sababu jirani alikuwa anachoma taka. Nilimtengea chai. Alisema ahsante, alikuwa ameshakunywa. Sikuweza kumchukia. Ningekuwa mimi, nimekaa mbali vile, nikarudi nikakuta kile kichwa, sijui ningesema nini. Lakini tangu hapo hupiga simu kwa kaka yake tu, na salamu zangu hupitia kwake, na za kwake sijawahi kuzipata.

Arobaini ilifanyika Temeke, kwenye nyumba ile ambayo sasa inatafutiwa mpangaji. Watu walijaa uani. Baada ya dua nilisimama kwenye sufuria la pilau na wanawake wengine, napakua. Akaja bibi mmoja wa mtaani, ambaye miaka yote nilimwona akitoka kwa Mama kila nilipoingia, tukisalimiana mlangoni bila kuzungumza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akaniangalia kichwani, akashuka hadi miguuni. "Ndiwe uliyemkata nywele?"

"Ndiyo, bibi. Aliniomba mwenyewe."

Mwenzangu aliyekuwa akigawa kachumbari akaacha kugawa.

"Haya," akasema bibi yule, akanisogezea sahani yake.

Nikampakulia. Nikamtafutia nyama laini kwa sababu nilijua hana meno, nikaiweka juu. Akaondoka nayo kuelekea mkekani walikokaa wenzake, na mtu aliyemfuata akanyoosha sahani.